Kanisa Nililolimwagilia Maji

Jumamosi, 21 Februari. Joto tangu alfajiri. Mchana wingu lilitanda upande wa Penrith, likakaa hukohuko kama mgeni asiyejua kama akaribie au arudi kwao. Mwili umechoka. Moyo umetulia.

Leo nimekuwa ukuta wa kanisa.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma tena, na bado naona ni ya kweli. Nitaeleza kwa mpangilio. Nisipopanga, mambo hunikimbia, na hili sitaki linikimbie.

Nianze na Mzee Leonard. Ni Mwingereza aliyezeekea hapa Sydney, na mimi ni mhudumu wake. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi huendesha gari kutoka St Marys hadi nyumbani kwake Merrylands. Namwogesha, nampikia uji wa shayiri, nampa dawa, namvisha soksi. Soksi ndizo zinazochukua muda, kwa sababu miguu yake huvimba na yeye hupenda kuzungumza nikiwa nimeinama. Zamani nilimfundisha neno "mzee", nikamweleza kwamba kwetu ni neno la heshima, akalipenda. Hata mwenye duka la mikate pale kona alishaambiwa amwite hivyo. Tunazungumza kwa Kiingereza, bila shaka. Lakini nikimkumbuka, namkumbuka kwa Kiswahili, na humu ndani ndivyo nitakavyomwandika.

Jumanne hii anahama. Anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Lidcombe. Binti yake, Ruth, amepanga kila kitu vizuri na kwa upole, na nyumba imeshapata mnunuzi. Jumatatu itakuwa asubuhi yangu ya mwisho pale.

Sasa nieleze kosa langu.

Nyuma ya nyumba ya Mzee kuna uwanja mpana wa ukoka. Katikati, ukielekea uzio wa mashariki, umesimama mti wa chuma wa kuanikia nguo, ule unaozunguka upepo ukivuma. Basi mwezi wa kwanza mvua ilikatika kabisa. Nyasi zikaanza kukauka, lakini hazikukauka sawasawa. Kulikuwa na mistari. Mistari mipana, iliyonyooka, ya manjano kabisa, wakati pembeni yake nyasi zilikuwa bado zina uhai. Niliiona nilipokwenda kuanika taulo. Nikafikiri kuna bomba limepasuka chini, au mchwa, au sumu aliyomwaga mtu.

Mimi ni mtoto wa Kongwa. Nimekulia mahali ambapo maji yalibebwa kichwani, na ambapo mchicha ukinyauka nyumbani watu hukuuliza wewe mwenyewe kama unaumwa. Siwezi kupita kando ya kitu kinachokufa kwa kiu wakati mpira wa maji umening'inia ukutani. Siwezi tu.

Kwa hiyo kila siku ya zamu, Mzee akishakunywa chai na kuanza kusinzia kwenye kiti chake cha dirishani, nilitoka nikafungua bomba. Sikumwagilia ovyo. Nilianzia kona ya karibu na jiko, nikafuata mstari wa manjano taratibu hadi mwisho, nikageuka ulipogeuka, nikaufuata mwingine. Niliumwagilia kila mmoja kwa zamu yake, mbele na nyuma. Kufikia wiki ya pili ya Februari mistari ilikuwa imefifia, kisha ikapotea. Ukoka wote ukawa kijani kimoja. Nilijisikia vizuri sana. Niliwaza kwamba mnunuzi akija atasema, kumbe mzee huyu alikuwa na mtu wa kumwangalia.

Siku hizo zote Mzee alikuwa na swali moja. Nikirudi ndani aliniuliza, "Limetokea?"

Nilidhani anaulizia gari la barua. Wazee wengi niliowahudumia husubiri kitu dirishani, na mara nyingi kitu chenyewe hakipo. Nimejifunza kutobishana. Nilimjibu, "Bado, Mzee." Naye alitikisa kichwa na kusema kwa jua hili lazima litokee.

Bado, Mzee. Nilimwambia hivyo huku viatu vyangu vimelowa.

Jumatatu iliyopita Ruth alikuja kufungasha vyombo. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama pale na sanduku tupu mikononi, akautazama uwanja kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama mtu anayesema na nafsi yake, kwamba ni ajabu, kiangazi chote hiki na kanisa la baba halikutokea.

Nilimuuliza kanisa gani.

Akaweka sanduku chini, akanisimulia. Nayaandika nilivyoyaelewa.

Baba yake, alipokuwa kijana, alikuwa kibarua kwenye kundi la watu wanaochimba mambo ya kale. Walikuwa wakichimba kanisa katika shamba la shayiri, mashariki mwa Uingereza. Lilikuwa kanisa la parokia la mamia ya miaka iliyopita. Kijiji chake kilikufa, watu wakahama, paa likaanguka. Majirani wakaanza kuchukua mawe yake, huyu ya zizi, yule ya uzio, mpaka pasibaki jiwe juu ya jiwe. Mwishowe hakuna aliyejua kwamba pale paliwahi kuwa na kanisa. Hata jina la mtakatifu wake lilisahaulika.

Namna lilivyopatikana ndiyo iliyonimaliza. Ulikuja mwaka wa ukame mkubwa. Juu ya misingi iliyofukiwa udongo ni mchache, mizizi haipati maji, kwa hiyo shayiri iliyoota juu ya kuta iligeuka manjano kabla ya nyingine. Mtu alipanda kilima cha jirani, akatazama chini, akaona kanisa zima limechorwa shambani. Ukumbi wa waumini, mahali pa altare, kibaraza cha mlango. Limechorwa kwa kiu.

Niliposikia hivyo niliutazama mpira wa maji ukutani. Lakini Ruth alikuwa hajamaliza.

Kwenye uchimbaji ule kulikuwa na msichana wa kijiji cha jirani aliyekuja kuwasaidia. Jina lake Joyce. Alipangiwa kupiga magoti upande mmoja wa msingi wa altare na kukwangua udongo kwa mwiko mdogo, na Leonard alipangiwa upande wa pili. Walikwangua kiangazi chote, kila mmoja akimsogelea mwenzake kidogokidogo. Walioana, wakaja Australia. Huku Joyce akashikwa na upweke. Alikuwa analia, na alipoulizwa anamlilia nani alisema hamlilii mtu, analililia lile shamba.

Basi Leonard, wakati mkewe yuko kazini, alibandua ukoka wa nyuma ya nyumba vipandevipande kama mtu anayekunja zulia. Akachimba mifereji kwa vipimo alivyovikumbuka, akivipunguza ili vitoshe uwanja. Akapanga matofali, akafukia, akarudisha ukoka juu yake. Kanisa zima. Hakusema neno. Akasubiri kiangazi.

Ukame ulipokuja, Joyce alikuwa anaanika mashuka. Ruth alikuwa mdogo, lakini anakumbuka: mama amesimama na vibanio vya nguo mdomoni, hatoi sauti, anazunguka polepole kutazama miguuni pake. Alikuwa amesimama penye altare.

Tangu hapo, kila mwaka wa ukame, kanisa hutokea. Joyce alikwishafariki. Mzee amebaki anasubiri dirishani, na mwaka huu, kwa kuwa anahama, alikuwa akilisubiri kama mtu anayesubiri kuaga.

Nikamwambia Ruth palepale kwamba ni mimi, kwamba nimelimwagilia maji mpaka likapotea. Alinitazama, akautazama ukoka, akanishika bega na kusema sikuweza kujua. Alisema pia kwamba labda tusimwambie. Tumwache aamini kwamba mwaka huu umande ulikuwa mwingi.

Nilirudi nyumbani kwa barabara kuu bila kuwasha redio.

Nilitaka kumsikiliza Ruth, nakiri. Usiku kucha nilijiambia kwamba Mzee husahau mengi ya juzi, na hili pia litapita. Lakini mtu aliyenipa miguu yake niivishe soksi miaka yote hii, nitamwinamiaje tena nikiwa nimemficha jambo kama hilo?

Jumatano nilimwogesha, nikampa uji, nikakaa kwenye kigoda changu mbele yake. Soksi moja nilikuwa nimeshaivisha, nyingine ilikuwa mkononi. Nikamwambia yote. Mistari, mpira wa maji, wiki baada ya wiki. Nikamwambia nilimjibu "bado" wakati mimi ndiye niliyelizuia. Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

Nje ndege wale weusi wenye mabaka meupe walikuwa wanapigiana kelele kwenye uzio. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani nimemvunja.

Kumbe alikuwa anacheka.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Ulikuwa unafuata ukuta wa kaskazini mpaka kona, unageuka, unakwenda na wa mashariki. Hukukosea hata kona moja. Nikasema moyoni, huyu analijua."

Nilimwambia sikuwa naona kanisa. Nilikuwa naona nyasi zinazokufa.

Akanieleza kitu ambacho kama mhudumu wake nilipaswa kukijua vizuri zaidi. Macho yake yameharibika katikati. Rangi za nyasi hazioni tena, uwanja wote kwake ni rangi moja ya chai ya maziwa. Hata kama nisingemwagilia, yeye mwenyewe asingeiona ile mistari. Ndiyo maana alikuwa ananiuliza mimi. Lakini mtu akisimama au akitembea, humwona, kama kivuli chenye miguu.

"Kwa hiyo kanisa sikuliona," alisema. "Nilikuona wewe unalizunguka. Na uliponiambia bado, nikafikiri hata wewe unalisubiri. Nilifurahi kuwa na mtu wa kusubiri naye."

Nikabaki na soksi mkononi. Sikumbuki kama nilimvisha.

Ilikuwa njiani kurudi, kwenye foleni ya taa za barabarani, ndipo nilipokumbuka kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini Kongwa.

Nilikuwa shule ya msingi tulipoanza kujenga kanisa pale kijijini. Kabla msingi haujachimbwa, katekista alipigilia vigingi chini, akafunga kamba, akamwaga majivu kufuata kamba. Kisha kila jumuiya ikapangiwa ukuta wake, na siku ya kubariki watu wote walisimama juu ya majivu, bega kwa bega, jumuiya yangu upande wa magharibi. Na kila mtu alitaja kwa sauti jina la mtu anayemsimamia, mtu ambaye angekuwepo lakini hayupo: marehemu, mgonjwa, aliye safarini. Mama alimsimamia bibi. Mimi niliambiwa nimsimamie kaka yangu aliyekuwa Morogoro kutafuta kazi, nikaona haya kumtaja, nikamtaja kwa kunong'ona. Matofali yalichelewa sana kuja. Lakini kila tulipopita pale na ndoo, mama alinyoosha kidole: pale ndipo nilipomsimamia bibi yako.

Mzee haoni nyasi. Mzee anaona watu waliosimama.

Jioni ileile nilimpigia simu Maina. Maina ni nesi, Mkenya, na ndiye mwalimu wa kwaya yetu ya Kiswahili pale St Marys. Tunasali kwenye ukumbi wa kuazima. Tukimaliza ibada tunakunja viti vyetu, tunaondoka na kinanda chetu, na mtu akipita Jumatatu hawezi kujua kwamba palikuwa na kanisa. Nilimweleza Maina kila kitu. Aliposikia nataka kwaya nzima ihamishie mazoezi nyuma ya nyumba ya mzungu Merrylands ili isimame kwenye nyasi, alinitaka nirudie.

"Skola," akasema, "wewe umeamua tuwe mawe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sawa tu. Lakini mimi nisiwekwe kwa jua. Na kuwe na chai."

Ruth nilimwomba ruhusa kwa simu. Alilia kidogo, halafu akauliza watu hao wanakunywa chai na nini.

Kazini tuna sheria kuhusu kuleta watu nyumbani kwa wateja, na mimi huzifuata. Kwa hiyo leo sikwenda kama mhudumu. Nilikwenda kama mgeni wa Ruth, nimevaa kitenge, bila sare.

Tulifika asubuhi kabla jua halijakaza. Tulikuwa kwaya karibu yote, na watoto, na Mama Furaha aliyebeba mfuko mzito wenye kitu kinachogongana. Mama Furaha ni Mkongo wa Uvira, jirani yangu wa sauti ya pili, mtu wa maneno. Nilikuwa nimemwomba alete vile vijiti vyake virefu vya chuma vya kuchomea mishikaki. Mzee ndiye aliyenipa wazo hilo nilipomwambia Ijumaa tunachotaka kufanya. Alisema kule shambani, walipopoteza ukuta, walichoma ardhi kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Udongo hunyamaza, msingi hujibu.

Mama Furaha alisimama kwenye ngazi ya nyuma, mikono kiunoni. "Bon. Na hii kanisa iko wapi, dada? Miye naona majani tu."

"Iko chini, mama. Njoo nikuonyeshe."

Nilianzia kona ya karibu na jiko. Sikuhitaji kufikiri. Mkono wangu ulikuwa unakumbuka uzito wa mpira wa maji, na miguu ilikuwa inajua pa kugeuka. Nilitembea, nikachoma kijiti: kimya. Nikasogea kidogo: tak. Mama Furaha alichoma chake, akasikia, akashtuka kama aliyegongewa mlango na mtu wa ndani.

"Vraiment, kweli iko," alisema kwa sauti ya chini. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kijiti.

Tuliufuata msingi hivyo, kijiti baada ya kijiti, na kila tulipopata tofali tulimsimamisha mtu. Sauti ya kwanza wakawa ukuta wa kaskazini. Hapa jua hupita upande huo, kwa hiyo walipewa kofia na miavuli. Huko kwa Mzee, alivyoniambia, upande huo ndio uliokuwa wa baridi, ambako watu hawakupenda kuzikwa. Wanaume wakawa upande wa kusini, Maina akijipatia kivuli cha mlimau, na hakuna aliyeshangaa. Mimi na Mama Furaha tulikaa mlangoni, kila mmoja upande wake, tukiwa mihimili. Watoto tukawaambia washikane mikono kwa duara karibu na mlango, wao ni birika la ubatizo. Waliambiwa kwa Kiswahili, wakajibu kwa Kiingereza, wakauliza kama birika linaruhusiwa kukaa chini. Likaruhusiwa.

Penye altare hatukumweka mtu. Palikuwa na ule mti wa nguo, na Ruth alikuwa ametundika shuka moja jeupe. Sikumuuliza kwa nini.

Kisha Ruth akamtoa baba yake.

Alikuja na kigari chake cha kutembelea, hatua ndogondogo, amevaa koti la suti juu ya suruali ya kulalia, kwa sababu suruali zake nyingine zilikuwa zimeshafungashwa. Alisimama ngazini. Akainua uso, akaanza kugeuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama afanyavyo anapotafuta kitu kwa pembe ya macho.

Nilimwona anahesabu kona. Nilijua, kwa sababu kidevu chake kilitua kidogo kila palipogeuka ukuta.

"Mnara uko wapi?" aliuliza.

Maina, ambaye ni mrefu kuliko sote, alihama kivulini bila kuambiwa. Alivuka hadi ukuta wa magharibi, akasimama juani, akanyoosha mikono juu.

Mzee alicheka hadi Ruth akamshika. Halafu akaja.

Aliingia katikati yetu, mimi na Mama Furaha. Alipofika kizingitini alisimama, akavua kofia. Akaniuliza kama kuna utaratibu. Nilikuwa nimewaeleza kwaya utaratibu wa kigango chetu, kwa hiyo nikamwambia, kwetu kila jiwe humtaja mtu linayemsimamia. Nikaanza mimi. Nikataja jina la mama yangu, Veronika, ambaye alizikwa nikiwa huku, ambaye sikumtupia udongo. Sikunong'ona safari hii.

Mama Furaha akamtaja mama yake, aliyebaki Uvira na ambaye simu yake haipatikani siku nyingi. Majina yakatembea. Yalikwenda na ukuta wa kaskazini, yakageuka konani, yakaruka ile nafasi ya altare, yakarudi na ukuta wa kusini. Wengine walitaja marehemu, wengine walio hai na mbali. Kijana mmoja Mrundi alitaja majina mengi mfululizo, bila kupumzika, na hakuna aliyemharakisha. Maina, mikono bado juu, alimtaja baba yake, halafu akasema mnara umechoka, watu wakacheka kidogo huku wakifuta macho.

Mzee alikuwa akisikiliza kila jina kwa kugeukia upande lilikotoka. Yalipoisha alianza kwenda mbele. Nilimfuata nyuma karibu, mazoea ya kazi. Alipita ukumbi wote wa waumini hadi karibu na lile shuka, akasimama mahali ambapo mimi nisingepatofautisha na pengine popote. Akaniomba nimshushe.

Kumshusha mtu wa umri wake chini ni kazi, na kumnyanyua ni kazi kubwa zaidi, nami nilijua mgongo wangu utanihukumu kesho. Nikaita mtu mmoja, tukamshusha taratibu hadi magoti yakagusa ukoka. Akaweka kiganja juu ya nyasi. Akakipeleka mbele na kukirudisha, mbele na kukirudisha, kama mtu anayekwangua.

"Joyce," alisema.

Kiganja kikaendelea kwenda na kurudi.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Furaha, aliyedhani ananong'ona, akimwambia jirani yake: "Joyce? Basi huyu ni wetu." Na kweli, kwenye kwaya yetu tuna akina Joyce wawili, na wote wawili waliinua mikono.

Ruth alimtafsiria baba yake kilichosemwa baada ya mimi kumtafsiria yeye. Mzee alisema, bado akiwa chini, kwamba Joyce angefurahi sana, maana kule shambani alikuwa akilalamika kwamba kanisa zima wamelipata lakini kati ya watu wake hawakumpata hata mmoja.

Maina akatoa sauti. Tukaimba. Sitaandika tuliimba nini, ulikuwa wimbo wa kawaida tu wa kuingilia, ule tunaouimba kila Jumapili kabla ya kukunja viti. Lakini sijawahi kuuimba nikiwa ndani ya kanisa ambalo mimi mwenyewe ni sehemu ya mlango wake. Upepo mdogo ulikuja, mti wa nguo ukazunguka nusu, shuka likageuka kututazama.

Baadaye tulikunywa chai. Ruth alikuwa amenunua keki nyingi kuliko watu. Mzee alikalishwa chini ya ule mlimau wa Maina, na Mama Furaha akamfundisha kusema "asante sana" kwa namna ya Uvira. Wakati wa kuagana Ruth alinivuta pembeni, akaniuliza kama tuwaambie wenye nyumba wapya kilichoko chini ya ukoka. Nilimwambia amuulize baba yake. Alimuuliza mbele yangu.

Mzee alifikiri kidogo. "Wasiambiwe," alisema. "Waache walipate."

Sasa naandika haya mezani, dirisha liko wazi, na lile wingu la Penrith hatimaye limeamua. Matone ya kwanza yanagonga bati la karakana ya jirani. Kesho ukoka wa Merrylands utakuwa kijani zaidi ya nilivyowahi kuufanya mimi. Jumanne Mzee ataondoka akiuacha hivyo, na haidhuru. Jumatatu nitamvisha soksi polepole kuliko siku zote.

Halafu nawaza huyo atakayehamia. Labda ni mama mwenye watoto, kutoka mbali, kama wengi wa Merrylands. Utakuja mwaka mvua itakapokatika. Atatoka na beseni la nguo, ataona mistari ya manjano miguuni pake, na mpira wa maji utakuwa palepale ukutani.

Je, ataukimbilia, kama mimi? Au atasimama kwanza?